Tawi la Kirangozi

Katika zama zile ambapo pembe na shaba zilishuka pwani kwa mabega ya watu, na nguo na ushanga zikapanda bara kwa mabega yaleyale, hapakuwa na cheo barabarani kilichokipita cha kirangozi. Mwenye msafara aliweza kuvaa joho la hariri, na jemadari akawa na bunduki thelathini nyuma yake, lakini asubuhi ngoma ilipolia wote hao walitazama mgongo wa mtu mmoja. Huyo ndiye aliyejua maji yalipo, na mtemi gani amekufa, na daraja gani limeliwa na mchwa.

Lugusha wa Ipuli alikuwa kirangozi kwa mvua ishirini na mbili. Alikuwa mrefu, mkavu, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Kichwani alivaa ngozi ya mbega ambayo nywele zake nyeupe zilimwangukia mabegani, mwilini alijitanda kitambaa chekundu kilichopauka kwa jua, na njuga zilimlia miguuni. Silaha hakubeba. Mkononi alishika kishoka kidogo cha kukatia matawi, basi.

Msafara wa watu themanini hauendi kwa pamoja. Wa mbele wanatua mizigo kambini wakati wa nyuma wangali wanachomoa miiba nyayoni. Sasa mtu wa nyuma akifika njiapanda, peke yake, na homa yake kichwani, atajuaje wenzake wamepita wapi? Kirangozi hukata tawi bichi akalilaza kuikingama njia isiyofaa. Njia hiyo imefungwa. Mpagazi hulitazama tawi, akapita upande wa pili bila hata kupunguza mwendo. Siku Lugusha alipokabidhiwa kishoka alilamba udongo wa njiapanda mbele ya wakubwa wa wapagazi, akaapa kwamba tawi lake halitasema uongo. Kwa mvua zote ishirini na mbili halikusema.

Mwaka ule wa ishirini na mbili aliajiriwa na mgeni kutoka Ulaya, mtu mwembamba mwenye ndevu za rangi ya kutu, ambaye wapagazi walimpachika jina la Bwana Kalamu kwa kuwa kalamu haikumtoka sikioni hata alipokwenda kuoga. Kiswahili alijifunza pwani kwa miaka miwili. Alikisema vizuri, ila polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

Asubuhi moja pale Ipuli, uji ukiwa bado jikoni, Bwana Kalamu alitandaza karatasi kubwa juu ya ngozi ya ng'ombe, akazikandamiza pembe zake kwa mawe. Lugusha alichuchumaa kuitazama. Kando yake alikuwa Kasele, mpiga ngoma wa msafara, kaka wa marehemu mkewe, mtu mfupi asiyeweza kukaa kimya hata akilipwa.

"Hii ni dunia," alisema Bwana Kalamu. "Watu wa kwetu wameigawa vipande vikubwa, ndiyo mabara. Hili ni Ulaya. Hili ni Asia. Na hili ndilo bara lenu."

Ulaya ilikuwa imejaa majina hata inzi asingepata pa kutua. Asia nayo ilikuwa na mito yake, milima yake na miji yake. Bara la tatu lilizungukwa na majina ya bandari pembeni kote, mithili ya ushanga kwenye upindo wa nguo. Katikati hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe.

"Shemeji," alisema Kasele, "panya wamekula wino hapa."

Lugusha hakucheka. Alikiweka kidole chake kikavu juu ya ule weupe. "Huu ni nini, Bwana?"

"Ni mahali pasipojulikana."

"Pasipojulikana na nani?"

Bwana Kalamu aliichomoa kalamu sikioni, akairudisha. Alikuwa mtu mwenye haya, na hilo lihesabiwe kwa upande wake.

"Na watu wa kwenu wakiuona weupe huu, husemaje?"

"Wengine husema ni jangwa tupu," alijibu mgeni, macho chini. "Wengine husema watu wapo, lakini hawajafanya lolote tangu walipoumbwa."

Damu ilimchemka Lugusha. Kidole chake, kwa kadiri alivyoelewa karatasi ile, kilikuwa kimeikalia Ulembe, nchi ya mama yake, ambako tanuri themanini za chuma zilifuka moshi tangu kabla ya babu za babu zake. Jembe lililolima kila shamba kutoka pale hadi ziwani lilifuliwa Ulembe. Kulikuwa na boma lenye malango saba, na soko la siku ya nne, na watemi kumi na tisa waliozikwa kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, na majina hayo aliyajua yote. Hayo yote yalikuwa chini ya ukucha wake, na karatasi ilisema hakuna kitu.

"Chonga kalamu yako, Bwana," alisema. "Nitakujazia."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitoka katika moyo mzuri, jambo ambalo halikulipunguza uzito hata kidogo. Ulembe ilizungukwa na majabali, na mlango wake ulikuwa mmoja, Mwanya wa Nyundo, ambao makirangozi walirithishana kwa mdomo na hawakumwonyesha mgeni. Mara tatu majeshi ya wawinda watumwa yalikuja kuutafuta. Mara tatu yalirudi na kiu.

Kasele alimwambia waziwazi walipokuwa wanaondoka. "Unataka sifa kwa watu ambao hawajakuuliza hata hali, shemeji."

"Nataka wajue tupo."

"Mimi nipo tangu nizaliwe na sijaona haja ya kumwandikia mtu," alisema Kasele, akaipiga ngoma yake kofi.

Walisafiri siku kumi kuelekea machweo. Lugusha alitaja na Bwana Kalamu akaandika: mto huu, kilima kile, kijiji cha wafinyanzi, kisima cha chumvi. Weupe ukaanza kupungua, na kila jina lilipoingia Lugusha alijisikia furaha ya mtu anayejenga nyumba. Hakuwa peke yake katika kuitazama karatasi. Jemadari Almasi, mkuu wa bunduki thelathini zilizokodiwa kuulinda msafara, alikuja kila kambi, akasimama nyuma ya mgeni, mikono mgongoni, harufu nzuri ya udi ikimtoka kwenye kilemba. "Kazi ya ajabu hii," alisema kila siku. "Na bado siku ngapi?"

Siku ya kumi na moja mpagazi mmoja aitwaye Shija alikaa chini katikati ya njia na kukataa kuinuka. Alikuwa mtu mzima, mkubwa wa wapagazi wote, asiyejua kulalamika.

"Baba Lugusha," alisema, "nimebeba nguo maisha yangu yote. Nguo haiumi begani namna hii."

Lugusha aliuinua mzigo. Mikono yake ilijua uzito wa robota la nguo kama mama anavyojua uzito wa mwanawe, na hili halikuwa nguo. Alilitikisa kidogo. Akapasua jamvi kwa ncha ya kishoka, akaifunua kaniki ya juu. Chini yake, imejikunja kama matumbo, ilikuwa minyororo ya shingo. Alitazama mizigo mingine iliyotiwa alama ileile ya Jemadari. Ilikuwa kumi na minne.

Aliufunga mzigo vilevile ulivyokuwa, akamsaidia Shija kuubeba, akamwomba asiseme neno. Kisha akaenda kwa Bwana Kalamu.

Mgeni alipoelewa, uso wake ulikuwa mweupe kuliko karatasi yake. "Nitamfukuza leo hii."

"Kwa silaha gani? Kwa kalamu?"

"Basi turudi."

"Ana bunduki thelathini, Bwana. Anajua mlima upi na mto upi, umemwandikia mwenyewe. Tukigeuka atamshika mpagazi mmoja mmoja mpaka mmoja wetu aseme." Lugusha aliketi, goti likamlia. "Imebaki njiapanda moja tu ambayo haimo kwenye karatasi. Na ni mdomo wangu uliomfikisha hapa, si kalamu yako. Mimi niliona haya kwa ajili ya ule weupe wa karatasi."

Asubuhi iliyofuata Lugusha alitangulia kama ilivyo desturi, na Bwana Kalamu akafuatana naye, eti kupima jua. Jemadari Almasi aliwaruhusu kwa tabasamu, lakini hakuwa mjinga. "Mpiga ngoma atabaki nami," alisema, na kumwekea Kasele mkono begani. "Napenda mlio wa ngoma karibu."

Lugusha na Kasele walitazamana. Hawakupata nafasi ya kusemezana hata neno moja. Kasele alimtania tu kama kawaida yake: "Nenda salama, shemeji, na hilo goti lako la bibi kizee."

Njiapanda ilikuwa penye mawe mawili makubwa. Njia ya kulia ilikuwa nyembamba, ikapanda kwenye vichaka kuelekea Mwanya. Ya kushoto ilikuwa pana, yenye nyasi fupi, ikashuka taratibu kwa mwendo wa saa nzima hadi bonde la matete la Ilindi, ambako ardhi huonekana ngumu mpaka umeikanyaga. Mtu akiingia mle na mzigo, kila hatua ya kurudi ni ngumu kuliko ya kwenda.

Lugusha alikata tawi la mninga lenye majani mabichi. Akasimama nalo. Nyuma yake, mbali, ngoma ilisikika.

Aliwafikiria watu wa Ulembe wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo. Kisha akawafikiria wapagazi wake, watu hamsini waliomwamini kuliko macho yao, na Kasele akiwa mbele yao. Bunduki zingetangulia, alijiambia. Wenye bunduki ndio wangezama kwanza, na wapagazi wangeona na kusimama. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara ya pili hakujiamini. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Akalilaza tawi kuikingama njia ya kulia.

"Lakini hiyo ndiyo njia uliyoniambia," alinong'ona Bwana Kalamu.

"Nyamaza, Bwana. Ruka, usivunje hata jani."

Walifika boma la Ulembe kabla ya adhuhuri, Lugusha akichechemea na mgeni akihema. Mtemi Kalunde aliwapokea kwenye uwanja wa tanuri. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mfupi, amevaa gome la mti lililopondwa laini na vikuku vya chuma hadi viwiko, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto, kwani Ulembe hakuna anayetawazwa kabla ya kuvukuta tanuri kwa mikono yake kuanzia jua linapochomoza mpaka chuma kitoke. Alisikiliza bila kukatiza. Alipokwisha kusikia aliuliza swali moja.

"Wapagazi ni wangapi?"

"Hamsini, Mtemi."

"Basi chukueni majamvi ya kutandaza topeni," aliwaambia watu wake. "Wapagazi watolewe kwanza."

Lugusha aliyaona yaliyofuata kutoka ukingo wa majabali. Mashujaa wa Ulembe walishuka kwa njia za mbuzi, mikuki yenye vichwa vipana mikononi, ngao za ngozi ya nyati mabegani, wapiga mishale nyuma yao. Chini kwenye matete watu wa Almasi walikuwa wamezama hadi mapajani, wakiinua magobori juu ya vichwa vyao. Baruti ilikuwa imelowa. Zililia bunduki tatu tu kati ya thelathini. Mishale ikanyesha, watano wakaanguka, na waliobaki wakatupa silaha zao majini. Jemadari Almasi alivutwa kwa mpini wa mkuki, kilemba chake kikabaki kikielea. Mizigo ya minyororo ilizama yote kumi na minne, ikawa imefanya kazi moja tu, ya kuwazamisha walioileta. Mahali pengi wangeyaita hayo ushindi, na Ulembe waliyaita hivyo, wakapiga vigelegele hadi jioni.

Lugusha alishuka kwenye ukingo wa matope, akahesabu vichwa vya watu wake walipokuwa wakitolewa kwenye majamvi. Akahesabu tena. Kijana aitwaye Ndaki hakupatikana. Na Kasele alikuwa amelazwa chini ya kitambaa.

Shija ndiye aliyemsimulia, tope limemkaukia kifuani.

"Tulipofika njiapanda, Jemadari alisimama. Akamuuliza Kasele, 'Hii imefungwa kweli?' Kasele alilitazama tawi kwa muda. Kwao ni mlima wa pili kutoka hapa, Baba, alichunga mbuzi kwenye njia ile akiwa mtoto. Akacheka kidogo, unakijua kicheko chake. Akasema, 'Jemadari, tawi la shemeji yangu halijawahi kusema uongo.' Akaipiga ngoma, akatangulia kushoto. Alikuwa ameifunga kiunoni. Aliipiga mpaka maji yakafika kwenye ngozi yake."

Lugusha alikaa chini pale pale kwenye tope. Kwa desturi yao shemeji ndiye hufanya utani kwenye msiba, humwita maiti mvivu, akadai aamke akalime, watu wacheke katikati ya kilio. Kwenye maziko ya Kasele watu walimngoja. Alisimama kando ya kaburi, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Baada ya siku tatu Mtemi Kalunde aliagiza karatasi iletwe. Bwana Kalamu aliitandaza mbele yake, akamweleza mabara, na akamwonyesha palipobaki peupe.

"Ukiniacha nje," alisema Mtemi, "watasema hapa hakuna mtu. Na mahali pasipo na mtu, yeyote huja akapachukua. Ukiniweka ndani, umewaonyesha pa kupitia. Wewe ungekuwa mimi, ungetaka lipi?"

"Sijui, Mtemi," alisema mgeni, na alisema kweli.

"Andika jina. Njia usiandike. Na hiyo mito na vilima ulivyotajiwa kuja huku, vifute."

"Wakubwa wangu hawatakubali jina lisilo na njia."

"Hilo ni lao."

Bwana Kalamu alichukua kisu, akakwangua kazi ya siku kumi na moja. Wino ulitoka kama vumbi jeusi juu ya ngozi ya ng'ombe. Kisha, katikati ya weupe, akaandika neno moja: Ulembe. Mtemi, ambaye hakujua kusoma, aliomba aonyeshwe ni wapi, akalifunika kwa kidole chenye kovu, kwa upole, kama anavyoguswa mtoto aliyelala.

Nao wapagazi walikaa kikao chao. Lugusha aliitwa, akasimama katikati, kichwa wazi. Shija alizungumza kwa niaba ya wote, na haikuwa rahisi kwake.

"Baba, hatukulaumu kwa ajili ya watu wa nchi hii. Hata sisi tungeshindwa kuwatazama wakifungwa. Lakini kesho, njiapandani, mtu wa nyuma akiliona tawi atafikiri. Atajiuliza kirangozi alikuwa na nia gani. Na mtu mwenye homa na mzigo, akisimama kufikiri, amepotea. Barabarani palikuwa na jambo moja tu ambalo hatukuhitaji kulifikiria, nawe umelitumia."

"Ni kweli," alisema Lugusha.

Walichukua kishoka. Walichukua ngozi ya mbega. Walipoondoka Ulembe kupitia Mwanya, wakiwa na kirangozi mpya, walipita kwenye kibanda alichopewa na Mtemi, wakalaza tawi bichi kuukingama mlango. Maana yake kila mtu aliijua: hapa hapapitwi, huyu hafuatwi. Bwana Kalamu aliyekuwa mwisho wa mstari alisimama mbele ya tawi lile akitaka kuaga, asijue kama anaruhusiwa. Lugusha alimpungia mkono kutoka ndani, aende.

Karatasi ilifika Ulaya baada ya miaka miwili. Wataalamu waliikalia kikao katika ukumbi mkubwa, wakauliza neno lile limefikaje pale bila mto, bila mlima, bila njia. Bwana Kalamu alisema alifika kwa miguu yake, lakini njia hataitaja. Wakatikisa vichwa. Jina lisilo na njia, waliamua, ni uvumi wa wapagazi. Lilifutwa kabla ramani haijapigwa chapa, na kwa muda mrefu uliofuata watoto wa mabara mengine walifundishwa kwamba pale hapakuwa na mtu. Chini ya weupe ule tanuri themanini ziliendelea kufuka moshi, na watu wakalima kwa majembe yao, wakazaa, wakazika watemi wao kwa majina.

Lugusha aliishi Ulembe mvua nyingine kumi na tano. Watu wa pale walimpenda, walimletea mtama na maziwa, na kila alipotoka au kuingia waliona akiliinua goti lake bovu kwa taabu kulivuka tawi, bila kulisogeza. Masika ya pili yalipokwisha lilikuwa limeoza lote, likabaki vumbi na gamba. Majirani walifurahi. Walimwambia adhabu imekwisha, apumzike sasa, mlango uko wazi.

Kesho yake walikuta tawi bichi la mninga pale pale. Kishoka hakuwa nacho, alikuwa amelivunja kwa mikono, na viganja vyake vilikuwa na damu. Walimuuliza kwa nini.

"Hili linasema kweli," aliwajibu, na kila mwaka, siku ile ile, akalivunja jingine.